Gari kulala upande baada ya kubadili springi: Pima kabla ya kununua

Na Mwandishi Wetu

NI jambo linalowakuta wenye magari wengi wa mijini. Gari limeingia gereji asubuhi likiwa limechoka kwa mashimo na matuta, na jioni limetoka likiwa na springi mpya, au springi ndefu zaidi za kulinyanyua. Kesho yake, likiwa limeegeshwa mahali pa tambarare, mwenyewe anasimama nyuma yake na kuona kitu ambacho jana hakukiona. Upande mmoja uko juu na mwingine umelala.

Akirudi kwa fundi, mara nyingi hupewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni kwamba springi "zitakaa" zenyewe baada ya siku chache. La pili ni kuongezewa spesa au kipande cha mpira upande uliolala, ili pande zote mbili zilingane. Jibu la kwanza huwa na ukweli kidogo. La pili linaweza kulifanya gari lionekane sawa kwa macho na wakati huohuo kulifanya liwe la hatari zaidi barabarani kuliko lilipokuwa limelala.

Tofauti kati ya matengenezo ya kweli na ya kuficha tatizo haihitaji mashine ya gharama kubwa. Inahitaji utepe wa kupimia, jeki, kalamu, karatasi na subira ya saa moja.

Kinachobeba gari ni springi

Wenye magari wengi huamini kwamba gari likilala basi shokapu imekufa. Katika magari ya kawaida hiyo si kweli. Mzigo wa gari hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi ili isiendelee kudunda kila gari linapopita juu ya tuta. Shokapu iliyovuja mafuta yote hulifanya gari liyumbe na kudunda, lakini gari lililosimama halitashuka kwa sababu hiyo.

Zipo tofauti mbili ambazo ni vyema kuzijua. Shokapu zenye gesi ndani husukuma bodi juu kidogo, hivyo mtu akifunga ya gesi upande mmoja na ya mafuta matupu upande wa pili anaweza kuona tofauti ya milimita chache. Pia, katika magari mengi madogo, springi ya mbele hukaa juu ya sahani iliyochomelewa kwenye mwili wa shokapu yenyewe. Shokapu ya modeli nyingine inaweza kuingia kwenye matundu yote ya bolti bila shida, lakini sahani yake ikiwa juu au chini zaidi. Hapo gari litalala hata kama springi zote mbili ni mpya na za aina moja.

Kwa hiyo, gari likilala baada ya kubadilishwa shokapu peke yake, swali la kwanza ni ikiwa shokapu zilizofungwa ni pacha. Swali la pili ni nini kingine kilichofunguliwa na kurudishwa wakati wa kazi hiyo.

Kwa nini jicho hudanganywa

Bodi ya gari ni ngumu kama ubao wa meza. Haijipindi kwa urahisi. Likilala upande wa kushoto kwa mbele, litakuwa limelala kushoto kwa nyuma pia. Ndiyo maana kuona kona ya mbele imeshuka si ushahidi kwamba kasoro iko mbele.

Chukua mfano wa gari lenye uzito wa kilo 1,000, ambalo kila tairi linabeba kilo 250, na springi zote nne zina ugumu sawa. Kila springi inahitaji kilo 2.5 ili ibonyee milimita 1. Sasa springi ya nyuma kushoto ichoke na kupungua urefu kwa milimita 20.

Kona hiyo haitashuka milimita 20 zote, kwa sababu kona nyingine tatu zinaishikilia bodi. Itashuka milimita 15. Mbele kushoto patashuka milimita 5, na nyuma kulia patashuka milimita 5. Mbele kulia, yaani kona ya mshazari, patapanda milimita 5. Mwenye gari akipima mbele atakuta upande wa kushoto uko chini kwa milimita 10. Akipima nyuma atakuta tofauti ileile ya milimita 10.

Fundi asiyepima anaweza kuamua kwamba kasoro iko mbele kushoto, kwa sababu ndiko alikofanya kazi jana yake. Anaweka spesa ya milimita 20 mahali hapo. Kona hiyo inapanda milimita 15, kona mbili za jirani zinapanda milimita 5 kila moja, na kona ya nyuma kulia inashuka milimita 5. Ukijumlisha hesabu zote, pande za kushoto na kulia sasa zimelingana kabisa, mbele na nyuma. Pua ya gari imeinuka kidogo tu. Mteja anaridhika, analipa na kuondoka.

Kilichobadilika bila kuonekana ni mzigo. Tairi la mbele kushoto sasa linabeba kilo 275 na la mbele kulia kilo 225. Nyuma ni kinyume chake, kushoto kilo 225 na kulia kilo 275. Gari limesimama kama meza ambayo mguu wake mfupi umeachwa hivyo hivyo na karatasi ikakunjwa chini ya mguu mwingine.

Tofauti ya kilo 50 kati ya tairi mbili za mbele haionekani likiwa limeegeshwa. Huonekana siku ya mvua, dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Breki za mbele hukaza tairi zote mbili kwa nguvu sawa, lakini tairi lenye mzigo mdogo hushika barabara kwa nguvu ndogo na huanza kuteleza mapema. Gari huvuta upande wenye mzigo mkubwa. Dereva atailaumu breki, na huenda akabadilisha breki ambazo hazina kosa lolote.

Magari halisi hayana mgawanyo sawa namna hiyo. Mengi ni mazito zaidi mbele, na springi za mbele na nyuma hutofautiana ugumu. Hivyo namba hubadilika kutoka gari moja hadi jingine, ila kanuni haibadiliki: kuongeza kimo cha kona moja huhamisha mzigo kwenda kona hiyo na ile ya mshazari wake.

Kupima kwa utaratibu

Hatua ya kwanza ni sakafu. Uwanja wa gereji unaoonekana tambarare mara nyingi una mteremko wa kupitisha maji. Mafundi ujenzi hutumia mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, kupata usawa wa pembe mbili za nyumba. Mpira huohuo unaweza kuonyesha ikiwa sehemu nne ambazo tairi zitakaa ziko usawa mmoja. Ikiwa hakuna mpira, njia rahisi ni kupima gari, kisha kuligeuza lielekee upande wa pili, tairi zikiwa mahali palepale, na kupima tena. Ikiwa upande uliolala umebadilika pamoja na mwelekeo wa gari, kosa ni la sakafu.

Hatua ya pili ni tairi. Upepo uwe sawa kwa tairi za ekseli moja, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Tairi za ekseli moja ziwe za saizi moja na zilizochakaa kwa kiasi kinachokaribiana. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya habu. Kushoto na kulia vikitofautiana, sehemu ya tatizo au tatizo lote liko kwenye tairi, na si kwenye springi.

Hatua ya tatu ni mzigo. Buti liwe tupu, na asiwepo mtu ndani. Tangi la lita 45 likijaa petroli huongeza takribani kilo 33, hivyo vipimo vya leo na vya wiki ijayo vilinganishwe mafuta yakiwa katika kiwango kimoja.

Hatua ya nne ni kulituliza gari. Likishushwa kutoka kwenye jeki, tairi huwa zimebanana kwa ndani na huzuia springi kukaa. Lisukumwe mbele na nyuma mita chache, kisha kila kona ibonyezwe mara kadhaa na kuachiwa. Kipimo kilichochukuliwa mara tu baada ya jeki kutolewa hakina maana.

Ndipo upimaji wenyewe ufuate. Kwa kila kona, pima kutoka katikati ya habu kwenda juu, wima, hadi ukingo wa bodi ulio juu ya tairi. Kipimo hiki huondoa tofauti za tairi. Andika namba nne kwenye karatasi, kila moja na kona yake.

Kisha pima pia kutoka ardhini hadi kwenye sehemu nne za kuwekea jeki zilizo chini ya kizingiti cha milango. Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki yamekwishatumika, na baadhi yaliwahi kugongwa na kunyooshwa. Ikiwa sehemu za jeki ziko sawa kushoto na kulia, lakini kingo za juu ya tairi zinatofautiana, basi gari halijalala. Lililopinda ni bati lililorudishwa vibaya baada ya ajali, na hakuna springi itakayolirekebisha.

Jeki moja katikati

Baada ya kuthibitisha kwamba gari limelala kweli, kinachofuata ni kujua kama kasoro iko mbele au nyuma. Kipo kipimo rahisi ambacho gereji nyingi hazikitumii.

Zuia tairi za nyuma kwa magogo au mawe. Weka jeki ya magurudumu chini ya mwamba wa mbele, katikati kabisa ya upana wa gari, mahali ambapo kitabu cha gari kinaruhusu. Inua hadi tairi za mbele ziachane na ardhi kidogo tu. Sasa sehemu ya mbele imekaa juu ya ncha moja na haiwezi tena kuilazimisha bodi ilale upande wowote. Kinachoamua ni springi za nyuma pekee. Bonyeza nyuma mara kadhaa, kisha upime habu hadi ukingo wa bodi kwa kona mbili za nyuma.

Zikilingana, nyuma ni pazima na kasoro iko mbele. Zikiendelea kutofautiana, hasa tofauti ikiongezeka, kasoro iko nyuma. Katika mfano wetu wa awali, tofauti ya milimita 10 ingeongezeka na kufikia milimita 20, ambayo ndiyo upungufu kamili wa springi iliyochoka. Rudia kwa kuweka jeki katikati ya nyuma na kupima mbele.

Wakati wote wa kipimo hiki, mtu yeyote asiingie chini ya gari. Jeki ni ya kuinulia, na gari lililoinuliwa namna hiyo halina stendi ya kulizuia likiteleza.

Wahalifu wa kawaida

Upande wenye kasoro ukishajulikana, uchunguzi huanza na kilichoguswa wakati wa matengenezo. Visababishi vikuu si vingi.

Cha kwanza ni springi zisizo pacha. Katika maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, au ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mnunuzi wa springi zilizotumika huzisimamisha mbili chini na kuangalia kama zina urefu sawa. Hilo halitoshi. Ugumu wa springi hufuata unene wa waya wake kwa kiwango kikubwa sana. Springi yenye waya wa milimita 12.5 ni ngumu kwa takribani asilimia 18 kuliko yenye waya wa milimita 12, ikiwa upana na idadi ya mizunguko ni sawa. Chini ya kilo 250, ile laini itabonyea milimita 100 na ile ngumu milimita 85. Zilikuwa sawa dukani, lakini ndani ya gari zimetofautiana kwa milimita 15. Hivyo pima unene wa waya, hesabu mizunguko, na utafute namba au alama za rangi ambazo viwanda huziweka.

Yapo pia magari ambayo hutoka kiwandani yakiwa na springi zenye namba tofauti kwa kushoto na kulia, kwa sababu dereva, betri na vifaa vingine havijagawanywa sawa. Watengenezaji wa springi za kunyanyulia magari makubwa ya barabara mbovu nao hufanya hivyo kwa baadhi ya modeli. Fundi akizigeuza, ya dereva akaifunga upande wa abiria, gari litalala ingawa kila kitu ni kipya na halisi.

Kisababishi cha pili ni springi kutokaa kwenye kitanda chake. Ncha ya chini ya waya hupaswa kuegemea hatua ndogo iliyo kwenye sahani. Ikizungushwa na kupanda juu ya hatua hiyo, kona hiyo huinuka kwa kiasi kinachokaribia unene wa waya wenyewe. Hali ni hiyo pia kwa mpira unaokaa kati ya springi na bodi. Upande mmoja ukiwa na mpira na mwingine ukiwa umesahauliwa sakafuni mwa gereji, tofauti itaonekana. Kukagua hili kunahitaji tochi na dakika tano.

Kisababishi cha tatu ni bushi zilizokazwa tairi zikiwa zinaning'inia. Bushi nyingi ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma ndani na nje, na hufanya kazi kwa kujikunja. Fundi akikaza bolti za armu gari likiwa juu ya stendi, bushi huganda katika hali ya tairi kuwa chini. Gari likishushwa, mpira hujikunja na kusukuma bodi juu, sawa na springi ya ziada. Upande mmoja ukikazwa hivyo na mwingine ukikazwa sawasawa, gari hulala. Baada ya miezi kadhaa mpira huchanika na mteja huambiwa amenunua bushi feki. Dawa yake haihitaji kipuri chochote. Bolti hulegezwa, gari hukaa juu ya tairi zake, hubonyezwa mara kadhaa, kisha bolti hukazwa likiwa katika kimo chake cha kawaida.

Kisababishi cha nne ni stebilaiza, ile fito ya chuma inayounganisha tairi la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona. Linki ya upande mmoja ikiwa ndefu kuliko ya pili, fito hiyo hujikunja wakati wote na kuisukuma bodi. Ili kuipima, linki zote mbili hufunguliwa, gari hutulizwa na kupimwa upya. Likinyooka, tatizo limepatikana. Gari lisiendeshwe barabarani linki zikiwa zimefunguliwa.

Hiace, pikapu na magari ya juu

Magari yasiyo na springi za mzunguko mbele yanahitaji maelezo yake. Toyota Hiace, ambayo kwa miaka mingi imebeba abiria wa daladala na matatu, na Toyota Land Cruiser ya safu ya 100, zina fito ndefu za chuma mbele ambazo hufanya kazi ya springi kwa kujinyonga. Kila fito ina bolti ya kurekebishia kimo. Ikikazwa, kona huinuka, na ikilegezwa, hushuka. Fito hizi huwa na alama za kushoto na kulia, nazo hazibadilishwi upande, kwa kuwa kila moja imezoea kunyongwa kuelekea upande wake.

Hata hivyo, kuwepo kwa bolti ya kurekebishia si ruhusa ya kuikaza kabla ya kupima nyuma. Nyuma ya Hiace na pikapu nyingi kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa. Jani moja likivunjika, senta bolti ikikatika au bushi zake zikiisha, gari zima hulala, na anayekaza bolti ya mbele atakuwa anafanya kosa lile lile la spesa. Kipimo cha jeki katikati kinafaa kwa magari haya pia.

Kubadilishana upande

Mashaka yakibaki kuhusu springi, uthibitisho wa mwisho ni kuzibadilisha, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto, mradi ziwe za namba moja. Gari likilala upande wa pili, springi ndiyo yenye kosa na inunuliwe jozi mpya. Likiendelea kulala upande uleule, springi hazina kosa, na uchunguzi uhamie kwenye sahani, armu na fremu.

Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vibanio vya springi. Springi iliyo ndani ya shokapu ya mbele huwa imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo. Anayefungua nati ya juu kabla ya kuibana springi anaweza kuuawa nayo. Waya wa kufungia na kamba si vibanio.

Kiasi gani kivumiliwe

Si kila tofauti ni ugonjwa. Milimita 5 kati ya kushoto na kulia ni jambo la kawaida hata kwa gari jipya, na mengi hufika milimita 10 bila athari ya kuhisika. Kiwango halisi kimo katika kitabu cha matengenezo cha gari husika. Springi mpya nazo hushuka kidogo katika wiki za mwanzo, ila hushuka pande zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana. Tofauti ya milimita 20 haitamalizwa na muda.

Ikiwa tofauti ndogo imebaki baada ya kuthibitisha kwamba springi ni sahihi, zimekaa vizuri na bushi zimekazwa ipasavyo, spesa nyembamba iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo ni matengenezo halali. Ikumbukwe kwamba katika baadhi ya magari makubwa, ambayo shokapu na springi hukaa katikati ya armu, spesa ya milimita 10 huweza kuinua kona kwa takribani milimita 20. Vipande vya tairi vilivyokatwa kwa kisu na kuchomekwa kati ya mizunguko ya springi si spesa. Huzuia sehemu ya waya isifanye kazi, huigandamiza sehemu iliyobaki, na springi huweza kukatika hapo.

Kazi haijaisha kimo kinapokuwa sawa. Kimo kikibadilika, pembe za tairi hubadilika, hivyo alaimenti ipimwe mwishoni na si mwanzoni, vinginevyo tairi zitalika upande. Taa za mbele zirekebishwe, maana gari lililoinuka pua humulika machoni mwa wanaokuja. Kwenye pikapu zenye vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, kuinua nyuma huifanya vali hiyo idhani gari halina mzigo na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Fimbo hiyo lazima irekebishwe kulingana na kimo kipya.

Karatasi ya namba nne

Linaloweza kumwokolea mwenye gari fedha nyingi kuliko yote hufanyika kabla gari halijafunguliwa nati hata moja. Ni kupima kona nne na kuandika namba zake mbele ya fundi, kisha kupima tena kazi ikiisha.

Gari lililoingia likiwa na tofauti ya milimita 12 na kutoka na tofauti hiyohiyo halikuharibiwa na fundi. Lililoingia likiwa sawa na kutoka likiwa limelala kwa milimita 20 lina kosa la kazi ya siku hiyo, na mteja ana haki ya kuomba lifunguliwe upya. Bila karatasi hiyo, mteja na fundi hubaki wakibishana juu ya macho ya nani yanaona vizuri, na mara nyingi anayelipia ubishi huo ni mwenye gari, kwa jozi nyingine ya springi ambayo hakuihitaji.